Mnunuzi wa Fowili ya Mtumba Anataka Nini?

Mazungumzo ya leo yanahusu magari ya fowili yaliyotumika, yale yanayoletwa kutoka Japani na kuuzwa kwa bei ambayo mwalimu mkuu, mtumishi wa halmashauri, mfanyabiashara wa mazao au familia yenye nyumba mjini na shamba kijijini inaweza kuifikia kwa kujibana au kwa mkopo. Simzungumzii anayeagiza Land Cruiser jipya. Huyo ana dunia yake na mafundi wake. Namzungumzia anayechagua kati ya Suzuki Escudo, Toyota Rush, RAV4, Nissan X-Trail na Subaru Forester, huku akijua kwamba akikosea ataishi na kosa lake miaka kadhaa. Hoja yangu ni kwamba mnunuzi huyu, hata anapotamka kuwa anataka fowili, kinachomfanya afungue mkoba ni uhakika kwamba gari litatengenezeka pale alipo, kwa fundi aliyepo na kwa spea zilizopo. Wauzaji wanamwonyesha umbo la gari, na sheria zetu zinamchagulia mwaka. Hitaji lake lenyewe halina anayelisemea.

Tuanze na barabara, maana ndizo zinazomtuma mtu kutafuta gari la namna hii. Hapa Tanzania, TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, unasimamia zaidi ya kilomita 140,000 za barabara za vijijini na mijini, na sehemu kubwa ya hizo ni za udongo. Ukizitazama kwa jicho la fundi, utaona kwamba magurudumu manne yenye kuvuta yanahitajika siku chache kuliko tunavyodhani. Yanahitajika pale udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa Shinyanga na Simiyu, unapolowa na kugeuka utelezi unaonata. Yanahitajika pia kwenye miinuko ya Makete, Lushoto au Mbulu wakati wa masika. Siku nyingine zote za mwaka, kinacholiumiza gari ni changarawe iliyofanya mikunjo kama ya bati, mashimo, mawe yaliyojificha kwenye majani na mitaro iliyokatiza njia. Hapo kinachookoa ni gari lililo juu, shokapu imara, bushi zisizochoka upesi na tairi lenye ukuta mnene. Ushahidi mkubwa ni Toyota Probox, gari dogo lililotoka Japani mwaka 2002 kwa kazi ya kusambaza bidhaa mijini. Lile linaloonekana sana kwetu ni la kuvuta magurudumu mawili tu, tena haliko juu kiasi cha kujivunia. Hata hivyo nchini Kenya limekuwa punda wa barabara za vumbi: linabeba mirungi, maziwa, mboga na abiria, na linafika mahali ambapo mwenye fowili mpya anasita. Kwetu Tanzania Noah imefanya kazi hiyohiyo. Watu hao hawakuwa wajinga wa fowili. Walipiga hesabu, wakaona kwamba gari linaloharibika kwa namna inayojulikana, na kupona kwa bei inayojulikana, linawafaa kuliko gari lenye uwezo mkubwa ambalo likiharibika hakuna anayelijua.

Sasa twende linakotoka gari lenyewe, kwa sababu sehemu ya mkanganyiko inaanzia kule. Japani gari la mtu binafsi hukaguliwa na serikali miaka 3 baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Gari la petroli likifikisha miaka 13, kodi yake ya mwaka huongezwa. Ndiyo maana gari ambalo kwetu tunaliona zima kabisa, mwenyewe kule anaona limeshakuwa mzigo, analipeleka mnadani. Jambo linalotajwa mara chache ni sababu ya Mjapani kununua fowili: kwa wengi ni theluji. Magari ya kuvuta magurudumu manne hupendwa sana Hokkaido na mikoa ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chuma kutoka chini. Kwa hiyo inawezekana kabisa kununua gari lenye rangi inayong'aa, viti visivyo na doa na kilomita chache, huku chasisi, mabomba ya breki na vishikio vya shokapu vimeshaliwa na kutu. Mnunuzi anayezunguka gari mara tatu akitazama rangi, bila kuinama hata mara moja kulitazama tumbo, anakagua sehemu ambayo haitampa shida.

Upo pia upande wa pili, nao unahuzunisha zaidi. RAV4, Harrier, CX-5 na hata X-Trail huuzwa Japani katika aina mbili zenye sura ileile, moja ya magurudumu mawili na nyingine ya manne. Mtu anayenunua kwa umbo anaweza kulipia kimo na mabega ya fowili, akaja kugundua kwenye tope la kwanza kwamba hakuna kilichounganishwa na magurudumu ya nyuma. Na hata pale ambapo fowili ipo, si moja. Escudo iliyoanza mwaka 2005, katika toleo lake kamili, ina gia ya chini ya kuvutia na uwezo wa kufunga difu ya katikati, na chasisi yake ya ngazi imejengwa ndani ya bodi. Rush ya mwaka 2006, pamoja na udogo wa injini yake ya lita 1.5, ina kifungo cha kufunga difu hiyo. Magari mengi ya kisasa yana mfumo unaokaa kwenye magurudumu ya mbele, kisha kuyaita ya nyuma yanapoteleza, kwa klachi inayotawaliwa na kompyuta. Mfumo huo unatosha kwa theluji ya barabara ya lami. Ukiusumbua kwenye tope kwa dakika nyingi, klachi hupata joto, na gari huamua lenyewe kuupumzisha.

Lakini nisiwe mtu wa kusifia ya zamani tu. Subaru Forester ya miaka ya karibuni iko sentimita 22 kutoka ardhini, inavuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, na kwenye utelezi inaweza kuliaibisha gari la zamani lenye sifa kubwa zaidi. Kwa uwezo wa kupita njia mbaya sina ugomvi nayo. Swali langu linahusu siku ya matengenezo. Forester hiyo, kama X-Trail, ina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za meno za kawaida bali mkanda au mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Giaboksi hiyo inataka oili yake maalumu. Ukiimwagia oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, umeanza kuiua siku hiyohiyo, na haitakwambia mpaka baada ya miezi. Ikipandishwa mlima mrefu taratibu na mzigo mzito, hupata joto na kupunguza nguvu ili ijilinde. Tatizo ni kwamba vifaa hivi vimetengenezwa kwa kudhani kwamba nyuma ya dereva yupo fundi mwenye kompyuta ya kusomea hitilafu, mwenye oili sahihi na mwenye kitabu cha maelekezo. Dar es Salaam fundi huyo anapatikana. Ludewa ni habari nyingine.

Hapa ndipo ninapouona moyo wa jambo lenyewe. Gari la mtumba halinunuliwi peke yake. Linanunuliwa pamoja na mtandao mzima ulioko nje yake. Kuna maduka ya spea ya Gerezani na Ilala, na kwa Nairobi yale ya Barabara ya Kirinyaga na eneo la Grogan. Kuna injini na giaboksi za mtumba zinazoshushwa kutoka Japani na Dubai. Yupo kondakta wa basi anayepokea kifurushi cha boljointi jioni na kukifikisha mkoani asubuhi. Yupo fundi wa chini ya mwembe aliyeshusha injini ya aina moja mara nyingi kiasi kwamba mikono yake inaijua. Toyota ilipata nafasi yake Afrika Mashariki kupitia mtandao huo, na mtandao huo ukakua kwa sababu magari yalikuwa mengi ya aina moja. Mtu akikwambia kwamba amechagua Rush kwa sababu "spea zake zipo", usidhani anazungumzia vipuri tu. Anazungumzia watu, maduka, mabasi na ujuzi uliojengeka kwa miaka mingi, ambavyo kiwanda hakiwezi kuvifunga ndani ya gari jipya.

Kisa cha Mobius kinanifundisha hilo kuliko kingine chochote. Kampuni ya Mobius Motors, iliyoasisiwa na Mwingereza Joel Jackson nchini Kenya, ilitengeneza gari kwa fikra iliyokuwa sahihi kwa njia nyingi. Gari lilikuwa jipya, la juu, lenye bodi ngumu, vitu vichache vya kuharibika, gia za mkono, na lilikusudiwa hasa barabara mbovu za Afrika. Matoleo yake ya mwanzo hayakuwa hata na fowili; waliolibuni walielewa, kama nilivyoeleza, kwamba kimo na uimara vinafanya kazi kubwa kuliko magurudumu manne ya kuvuta. Bado Wakenya wengi waliendelea kununua magari ya Japani yaliyotumika, na mwezi wa Agosti 2024 kampuni ilitangaza kujifunga kwa hiari kwa kulemewa na madeni na kodi, kabla ya kusema siku chache baadaye kwamba imepata mnunuzi. Kodi na mtaji vilichangia, na ni haki kuvitaja. Lakini mimi naamini kwamba hata kodi ingekuwa nafuu, mnunuzi wa kawaida angebaki na swali moja: likifa Kitui, nani anacho kioo chake, nani anayo difu yake, na nikitaka kuliuza baada ya miaka 5, nani atalinunua? Gari lilibuniwa vizuri kwa barabara, ila lilikosa jamaa barabarani.

Basi sheria zetu zinamsaidiaje mnunuzi huyu? Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 mwisho ulikuwa magari ya 2018. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, ila inatoza. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari dogo lililovuka miaka 8 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa sababu ya umri, na likivuka 10 nyongeza hiyo huwa asilimia 30. Nia inaeleweka. Matokeo yake kwa mnunuzi wa fowili nafuu yanahitaji kutazamwa kwa makini. Rush yenye kifungo cha kufunga difu ilikoma kuuzwa Japani mwaka 2016. Escudo yenye gia ya chini ilikoma mwaka 2017, na nafasi yake ilishachukuliwa na Escudo nyingine iliyoundwa Hungary, nyepesi, isiyo na gia hiyo. Jimny mpya iliyotoka mwaka 2018 bado ni fowili ya kweli, lakini hata Wajapani wenyewe waliipangia foleni ndefu, kwa hiyo ile iliyotumika haikushuka bei. Maana yake ni kwamba Mkenya anayeagiza leo, kwa sheria ya umri peke yake, amefungiwa nje ya magari madogo ambayo mafundi wake wanayajua. Anasukumwa kuelekea magari ya CVT, ya klachi za kompyuta na ya dizeli zenye kichujio cha masizi. Kichujio hicho, kama kile cha CX-5 ya dizeli, kiliundwa kwa mafuta ya Japani yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango ambacho Afrika Mashariki ilianza kukitumia mwaka 2015 ni 50. Na mwaka 2023 Kenya ikapandisha ushuru wa kuingiza magari kutoka asilimia 25 hadi 35. Mnunuzi analipa zaidi, anapata kipya zaidi, na anaondoka na gari ambalo fundi wa kijijini kwake hawezi kuligusa.

Nasikia mapingamizi matatu, na yote yanastahili jibu. La kwanza linasema kwamba nampamba mnunuzi, kwamba watu wetu wananunua ufahari, na ndiyo maana Tanzania tunaulizana kama gari ni namba D au namba E, yaani herufi ya usajili inayoonyesha gari lilisajiliwa lini. Ufahari upo, siukatai. Lakini kama ungekuwa ndio unaotawala, BMW X5 na Freelander zilizotumika zingezijaza barabara za mikoani, maana ukilinganisha za umri mmoja na Toyota Prado, mara nyingi Prado ndiyo ghali zaidi. Watu wanaziogopa kwa kuwa wanajua bei ya kununua ni mwanzo tu. Hata swali la namba, ukilichunguza, ni swali la kuuza: anayeuliza anataka kujua siku akibanwa na ada ya shule au ugonjwa, gari litamrudishia kiasi gani na kwa haraka ipi. Kwa familia ya kipato cha kati gari ni akiba inayotembea, na akiba isiyouzika si akiba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Magari ya zamani yanachafua hewa na yanaua. Ripoti ya mwaka 2020 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, ilihesabu magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliyosafirishwa na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Mengi hayakufikia viwango vya chini vya usalama na hewa. Sitaki kulipuuza hilo. Hewa ya Nairobi na Dar es Salaam inavutwa na watoto wetu. Ninachosema ni kwamba umri ni kipimo cha kubahatisha. Gari la miaka 6 lililokatwa kichujio chake cha masizi, kwa sababu kiliziba na hakuna aliyeweza kukisafisha, linatoa moshi mbaya kuliko gari la petroli la miaka 11 lenye kichocheo cha ekzosi kizima na injini iliyotunzwa. Gari jipya lenye kutu kwenye bomba la breki ni hatari kuliko la zamani lisilo na kutu. Tukitaka hewa safi tupime moshi, na tukitaka usalama tuinue gari na kutazama chini, wakati wa kuingia na kila baada ya muda. Ukaguzi huo ni mgumu kuliko kusoma mwaka kwenye karatasi, lakini ndio unaopima kitu kinachodaiwa.

La tatu linasema dunia imebadilika. Magari mapya ya Kichina na Kihindi yanakuja, bei zake zinakaribia za mtumba, na yana waranti, kwa hiyo hofu yangu ya spea itapitwa na wakati. Hili nalipokea kwa nusu. Waranti ina nguvu pale tu gereji ya wakala inapofikika, na mawakala hukaa miji mikubwa. Kumpeleka mtu wa Mbulu Arusha kila huduma, kwa siku nzima ya kazi, ni kumrudishia gharama aliyodhani ameikwepa. Hata hivyo tunao mfano wa karibu unaoonyesha kwamba mnunuzi wetu hana ndoa na Japani. Bodaboda. Honda na Yamaha zilikuwa na jina, lakini biashara ya kubeba abiria ilichukuliwa na pikipiki za Kichina, na Boxer na TVS za India. Bei ya chini ilizifungulia mlango. Kilichozibakiza ni kwamba leo, kwenye senta ndogo kabisa yenye duka moja la soda na sabuni, jirani yake pana banda la klachi, cheni na bushi za Boxer. Siku spea za gari la Kichina zitakapofika kwenye banda hilo, mnunuzi niliyemweleza atahama bila kutazama nyuma, na atakuwa na haki.

Kwa sababu hiyo sioni faida ya kuendelea kumshauri mnunuzi peke yake, kama kwamba yeye ndiye asiyejua. Mzigo uko kwa wengine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, inaweza kuwafundisha mafundi wa mikoani CVT na mifumo ya kompyuta kwa magari yanayoingia sasa, badala ya kuwaandaa kwa injini za miaka 20 iliyopita tu. Mamlaka za viwango zinaweza kudai picha za tumbo la gari kabla halijapakiwa melini. Na muuzaji mwenye yadi, anayeandika kwenye kioo mwaka, ukubwa wa injini na neno "fowili" kwa wino mkubwa, anaweza kuongeza mistari michache bila gharama yoyote: kama magurudumu ya nyuma yanavuta kweli, giaboksi ni ya aina gani, oili yake inaitwaje, na fundi wa karibu aliyewahi kuifungua yuko mji gani.